Kipakatalishi au Tarakilishi ya Mezani? Uteuzi wa Chombo cha Kazi katika Mazingira ya Kaaleng, Turkana

Utangulizi

Mjadala kuhusu tarakilishi ipi inafaa kununuliwa, ile ya mezani au ile ya kupakata, aghalabu huendeshwa kwa kuzingatia mazingira ya miji mikubwa. Huko umeme hupatikana ukutani, fundi yumo katika jengo la jirani, na joto la mchana halitishii mashine. Mjadala huo ukihamishwa hadi Kaaleng, katika Turkana Kaskazini, takriban vigezo vyote hubadilika. Makala hii inakusudia kuvibainisha vigezo hivyo, kwani kwa shule, zahanati au kikundi cha vijana kilichochanga fedha za kununua mashine moja tu, uteuzi mbaya una maana ya kukaa muda mrefu bila mashine yoyote.

Haja yenyewe si ya anasa. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ya Kenya ilipoanzisha mfumo wa NEMIS, taarifa za kila mwanafunzi zilianza kudaiwa kwa njia ya intaneti, kuanzia shule ya Nairobi hadi ile iliyo ukingoni mwa mpaka wa Ethiopia. Usajili wa watahiniwa hufanywa vivyo hivyo. Maombi ya nafasi za vyuo hupitia KUCCPS, na yale ya mikopo hupitia HELB. Yote mawili yana siku ya mwisho isiyongoja mtu. Kijana aliyefaulu kidato cha nne na asiye na mashine karibu hulazimika kusafiri hadi Kakuma au Lodwar, kwa nauli ambayo huenda ikatokana na mbuzi aliyeuzwa. Akichelewa, alama zake hubaki zilivyo lakini nafasi hupewa mwingine.

Neno na kitu

Kabla ya kuendelea, inafaa kugusia istilahi. Nchini Kenya neno tarakilishi limekita mizizi shuleni, ilhali Tanzania kompyuta ndilo lililotamalaki. Wapo pia waliolipigania neno ngamizi, nalo halikupata wafuasi wengi. Kipakatalishi limeundwa kwa kuunganisha kitenzi pakata na sehemu ya tarakilishi. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Ni neno zuri, ingawa linapotosha kidogo: mashine hii haifai kukaa mapajani kwa muda mrefu, hasa mahali penye joto, kwa kuwa matundu yake ya hewa huzibwa na nguo. Yafaa ikae juu ya ubao mgumu.

Kuna hoja moja inayotolewa haraka mno kuhusu Waturkana. Husemwa kwamba kwa kuwa wao ni wafugaji wanaohama, na mwanamume hutembea na ekicholong yake, kigoda kinachotumika pia kama mto wa kulalia, basi mashine ya kubebeka ndiyo inayowafaa. Hoja hiyo ina mvuto, lakini ni dhaifu. Anayenunua tarakilishi Kaaleng si mchungaji aliye malishoni. Ni ofisi ya shule, kituo cha afya, ofisi ya chifu au duka, na hawa wote wamekaa mahali pamoja. Kama kipakatalishi kitapendekezwa, basi kipendekezwe kwa sababu nyingine.

Hesabu ya umeme

Sababu hiyo ni umeme. Hata Lodwar, makao makuu ya kaunti, kwa miaka mingi ilitegemea mitambo ya dizeli isiyounganishwa na gridi ya taifa. Ni kinaya kikubwa, kwa sababu bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991 na lenye uwezo wa megawati 106, lilijengwa kwenye mto ule ule unaopita Lodwar, na umeme wake ukaelekezwa kusini. Vivyo hivyo, mitambo 365 ya upepo ya Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa katika Kaunti ya Marsabit, ilipoanza kutoa umeme mwaka 2018, waya wake ulivutwa hadi Suswa. Katika vituo vidogo vilivyo mbali na nyaya hizo, umeme unaotegemewa zaidi ni wa paneli za sola na betri.

Tuchukue betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, aina ya risasi na asidi. Kwa kuzidisha, ina wati-saa 1200. Hata hivyo, betri ya aina hii ikimalizwa kabisa mara kwa mara hufa mapema, hivyo ni busara kutumia nusu tu, yaani wati-saa 600. Inveta inayogeuza umeme huo uwe wa volti 240 nayo hula sehemu yake. Husalia kama wati-saa 520. Tarakilishi ya mezani ya kawaida pamoja na skrini yake bapa, ikitumia wati 130, itafanya kazi saa 4. Kipakatalishi kinachotumia wati 40 kitafanya kazi saa 13. Kwa shule yenye betri moja, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mwalimu atamaliza kusajili wanafunzi kabla ya giza au la. Skrini za zamani zenye kisogo kikubwa hazifai kuzungumziwa. Hata zikitolewa bure zikataliwe.

Aidha, umeme unapokatika ghafla tarakilishi ya mezani huzimika papo hapo, na kazi isiyohifadhiwa hupotea pamoja nayo, isipokuwa kama imenunuliwa betri ya dharura. Kipakatalishi kimezaliwa na betri yake. Zaidi ya hayo, chaja yake kwa kawaida hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo huvumilia kuyumba kwa umeme wa jenereta kuliko vifaa vingi. Zipo pia chaja zinazounganishwa moja kwa moja na betri ya volti 12, kama ile ya gari, na kuepusha upotevu wa inveta.

Joto, vumbi na fundi

Hapa ndipo tarakilishi ya mezani inaporejesha heshima yake. Wastani wa joto Lodwar kwa mwaka hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi, na mchana hupita 35 bila kumshangaza mtu. Watengenezaji wengi wa vipakatalishi huandika 35 kuwa ndio mwisho wa joto la chumba ambamo mashine inapaswa kutumika. Maana yake ni kwamba Turkana, saa nane mchana chini ya bati, kipakatalishi kiko nje ya mipaka yake. Betri ya lithiamu huzeeka haraka kwenye joto, hasa ikiachwa imejaa pomoni ilhali imechomekwa. Vumbi nalo huziba feni nyembamba, na kuifungua mashine kwa ajili ya kuisafisha kunahitaji mkono uliozoea.

Sanduku la tarakilishi ya mezani hufunguliwa kwa bisibisi moja. Vumbi hutolewa kwa brashi laini. Kifaa cha kupokea umeme kikiungua hubadilishwa chenyewe. Kibodi ikiharibika hununuliwa nyingine kwa bei ndogo. Kwenye kipakatalishi, kitundu cha chaja kikilegea au skrini ikipasuka, safari ya Lodwar, pengine hata Kitale, haiepukiki. Tena mwizi hawezi kulificha sanduku na skrini chini ya shuka.

Suala la joto limewahi kushughulikiwa kwa njia ya kuvutia papo hapo Turkana. Karibu na ufuo wa magharibi wa ziwa kuna kampasi ya Startup Lions, iliyokamilika mwaka 2021, ambako vijana hufundishwa kazi za kidijitali. Mchoraji wake ni Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyetunukiwa tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Majengo yake yana minara mirefu mfano wa vichuguu vya mchwa: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na hewa safi huingilia kwenye matundu ya chini. Shule haiwezi kujenga minara, lakini inaweza kujifunza kanuni hiyo. Chumba chenye ukuta mnene na matundu juu na chini kinaifaa mashine kuliko chumba cha mabati, na kazi ya alfajiri huisumbua kidogo kuliko ya adhuhuri.

Uteuzi

Serikali yenyewe imewahi kuyumba katika uteuzi huu. Mwaka 2013 iliahidiwa kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza angepata kipakatalishi. Vifaa vilipoanza kusambazwa mwaka 2016, wanafunzi walipewa vishikwambi, na vipakatalishi vikawa vya walimu. Kishikwambi kinamfaa mtoto kusoma, lakini anayejaribu kujaza orodha ya majina 400 kwa kidole hukata tamaa.

Kwa mnunuzi wa mashine moja, mwenye betri moja na kazi za watu wachache, kipakatalishi ndicho chaguo bora, pamoja na udhaifu wake wote wa joto. Kiongezewe kibodi ya nje, ambayo itapokea vumbi na vidole vya wengi. Kwa shule yenye sola kubwa na chumba cha wanafunzi wengi, tarakilishi za mezani zitadumu zaidi. Na kama zinapatikana, zile ndogo zenye ukubwa wa kitabu zinafaa, kwa kuwa hula umeme karibu sawa na kipakatalishi. Mahali pasipo na intaneti ya kutegemewa, kompyuta ndogo sana ya Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2012, huweza kuhifadhi Wikipedia ya Kiswahili nzima na kuigawia darasa.

Mashine nyingi zitakazonunuliwa ni za mtumba, kwa hiyo mnunuzi ajihadhari na mambo mawili. Kwanza, msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazikubaliki rasmi katika Windows 11. Hizo zinunuliwe tu ikiwa yuko mtu wa kuziwekea Linux. Pili, betri ya kipakatalishi ipimwe dukani. Muuzaji afungue dirisha la amri, aandike powercfg /batteryreport, kisha afungue ripoti na kulinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa umebaki chini ya nusu, bei ipunguzwe kwa gharama ya betri mpya, na betri hiyo inunuliwe siku hiyo hiyo kabla ya kupanda gari la kwenda kaskazini.