Maswali ya Abiria Mgeni: Garimoshi la Mombasa na Watu wa Ukambani

Tarehe 31 Mei 2017 garimoshi jipya liitwalo Madaraka Express lilizinduliwa Mombasa na kuelekea Nairobi, na kesho yake likaanza kuchukua abiria wa kulipa nauli. Na tangu siku hizo, katika stesheni za Emali, Kibwezi na Mtito Andei, ambazo ndizo milango mitatu ya reli hiyo kwa watu wa Makueni na majirani zao wa Kitui, aghalabu hapakosekani mtu aliyeshika furushi lake akiuliza maswali ambayo abiria wazoefu huyacheka, ilhali mimi sioni la kuchekwa. Mtu aliyezoea basi la barabara kuu ya Mombasa amezoea chombo kinachomtafuta yeye: manamba humwita kwa jina la heshima asilolijua, humpokonya mzigo, hupunguza nauli kidogo akiona uso umekunjamana, na dereva hangoji saa bali hungoja viti vijae. Garimoshi halimtafuti mtu. Lina saa yake, mlango wake na daftari lake la majina, na aliyechelewa kwa dakika chache huliona likienda zake bila ya kumgeuzia shingo. Karibu maswali yote ya mgeni yanazaliwa na tofauti hiyo moja.

Wala si kwamba Wakamba ni wageni wa njia ya pwani. Kabla ya chuma chochote kulazwa ardhini, misafara yao ilikuwa ikishuka na pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, ushanga na shaba, na mfanyabiashara mkubwa wa Kitui aliyeitwa Kivoi alijulikana pwani kiasi kwamba mmisionari Krapf alipotaka kuona bara, mwaka 1849, alikwenda hadi kwake. Na huko Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Reli ya kwanza ilianzwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Nairobi mwaka 1899, ikikata nchi ya Makueni kwa ubavu wake wa kusini na kuiacha Kitui mbali, na hali hiyo haikubadilika hata reli ya pili ilipokuja. Ile ya zamani ilikuwa na upana wa milimita 1000 baina ya pau zake mbili, na hii mpya ina milimita 1435. Ile ilitembea usiku kucha na wakati mwingine hata mchana wa kesho yake, na hii hushika mwendo wa kilomita 120 kwa saa, ikamaliza masafa ya kilomita 470 na ushei kwa muda wa saa tano au sita. Lakini ile ya zamani ilikuwa na huruma moja ambayo hii haina: ilisimama katika vituo vingi vidogo. Makindu, mji ambao Masingasinga walijenga hekalu lao katika siku za reli ya zamani, na ambamo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila ya malipo hadi leo, hauna stesheni ya abiria katika reli mpya. Mwenyeji wa Makindu hana budi kwenda Kibwezi au kurudi Emali ili alipande garimoshi analoliona likipita karibu na kwao.

Swali la kwanza la mgeni, basi, ni hili: nipande lipi? Yapo magarimoshi ya haraka, la alasiri na la usiku, ambayo yametengenezewa wale waendao kutoka Nairobi hadi Mombasa moja kwa moja. Na lipo lile la asubuhi, linalong'oa nanga saa mbili kutoka kila upande, ambalo husimama njiani katika Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Kwa mtu wa Ukambani, la asubuhi ndilo lake. Na hapa pana mtego mdogo ambao umewakosesha safari watu wenye akili zao timamu: tikiti huandikwa saa kwa hesabu ya kizungu, yaani 08:00 ni saa mbili asubuhi, na 15:00 ni saa tisa alasiri. Tena asome saa ya stesheni yake mwenyewe, si ile ya kuondoka Nairobi au Mombasa, kwa maana garimoshi lililotoka Nairobi saa mbili litafika Kibwezi asubuhi ikiwa imekwisha kukomaa. Kisha awepo stesheni mapema, saa nzima kabla, kwa sababu nitakazozitaja.

Tikiti haikatwi kwa kusimama mlangoni na noti mkononi. Hununuliwa kabla, kwa simu ya kawaida ukibonyeza *639#, au kwa tovuti ya Shirika la Reli, na malipo hufanywa kwa M-Pesa ndani ya muda mfupi uliotolewa. Ukikawia, nafasi uliyoishika humwendea mwingine. Jina na nambari ya kitambulisho zitakazoandikwa ni lazima ziwe za msafiri mwenyewe, wala si za mwanawe aliyemnunulia kutoka Nairobi. Nalikazia jambo hili kwa kuwa katika vijiji vyetu ni desturi njema kwa kijana mwenye simu kuwafanyia wazee shughuli zao, na wema huo hugeuka balaa pale mama anapofika stesheni na kitambulisho kisicholingana na tikiti. Kijana na aandike taarifa za mama, amtumie nambari ya tikiti, na mama ataichapisha katika mashine stesheni au kuomba msaada wa karani. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hubebwa bure, na wa miaka 3 hadi 11 hulipiwa nusu.

Na nauli je? Hapo mwanzo daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa lilikuwa shilingi 700, na wengi waliona kama sadaka. Baadaye ikawa 1,000, na tangu tarehe 1 Januari 2024 imekuwa 1,500, na daraja la kwanza 4,500. Apandaye katikati ya njia hulipa kwa kadiri ya masafa yake. Katika Desemba na siku za Pasaka, mtu anayekumbuka tikiti juma la mwisho amekwisha kukosa, na hapo ndipo manamba wa basi humkaribisha tena kwa furaha, na kwa nauli ya siku hizo, ambayo haina rafiki.

Mzigo ndio unaoleta maneno mengi kuliko yote, maana hakuna Mkamba aendaye kwa ndugu yake Mombasa mikono mitupu. Atakuwa na ndengu za Kitui, asali, maembe ya Makueni katika majira yake, na kwa hiari yake angalichukua hata jogoo. Jogoo abaki nyumbani: wanyama hai hawapandi. Ndengu na maembe hayana ubaya yakiwa katika gunia au kikapu kinachobebeka, na asali na iwe katika chombo kilichofungwa barabara, kwani asali ikimwagika ndani ya behewa lenye viti vya kitambaa na kipoza hewa, aibu yake haiishi hadi Mombasa. Visu, mapanga, mafuta ya taa, petroli, mitungi ya gesi na vileo huzuiliwa langoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kote tangu Agosti 2017, na stesheni si mahali pa kujaribu bahati.

Kwa sababu hiyo ukaguzi ni mrefu. Katika stesheni kuu za Nairobi na Mombasa, abiria huamriwa kuiweka mizigo yao chini kwa safu moja na kusimama kando, kisha askari hupita na mbwa anayenusa kila begi, na baada ya mbwa hufuata mashine ya kumulika, na baada ya mashine hufuata kupapaswa na kuonyesha kitambulisho. Nimesikia wazee wakiudhika kwa mbwa kuigusa mizigo yao kwa pua, na Waislamu wa pwani wanayo haki ya kuudhika zaidi. Hata hivyo, mzigo uliofungwa vizuri na kuwekwa ndani ya begi la nje lioshekalo hupunguza udhia huo. Katika stesheni za Makueni shughuli ni ndogo na watu ni wachache, lakini ukaguzi upo, na ndiyo maana ya ile saa nzima niliyoitaja. Fauka ya hayo, stesheni hizi mpya zimejengwa nje kidogo ya miji, na boda boda kutoka sokoni ni gharama na muda wa kuhesabiwa kabla, si baada.

Garimoshi likisimama Kibwezi au Mtito Andei, halisimami kwa mazungumzo. Ni dakika chache tu. Mwenye kupanda awe tayari mbele ya behewa lililoandikwa katika tikiti yake, na mwenye kushuka awe amekwisha kuteremsha mzigo wake kutoka rafu ya juu kabla ya magurudumu kutulia. Ndani, daraja la kawaida lina viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, abiria wakitazamana na meza ndogo katikati, hivi kwamba nusu yao huenda kinyumenyume; mwenye kuona kizunguzungu kwa mwendo wa namna hiyo na amwombe jirani wabadilishane, na mara nyingi atakubaliwa. Baridi ya kipoza hewa huwashangaza waliotoka katika jua la Kibwezi, kwa hiyo leso au sweta si mzigo wa bure. Choo kimo. Chakula huuzwa katika behewa la mkahawa na kwa kigari kinachopitishwa, kwa bei ambayo mtu wa kawaida huitafakari kidogo kabla ya kutoa simu yake. Madirisha hayafunguki, wala hakuna wale wauza mahindi na ndizi wa kukimbilia vioo kama ilivyo kwa mabasi, na aliyezoea kula njiani ajifungie chake nyumbani.

Anayeelekea Mombasa akipata kiti cha upande wa kulia amepata bahati. Asubuhi isiyo na mawingu, katika nchi ya Emali, huuona Kilimanjaro, na mbele kidogo vilima vya Chyulu, milima michanga ya volkeno ambayo maji ya mvua yake huzama chini ya majivu na kuibukia katika chemchemi za Mzima, na kutoka huko hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Hata maji atakayoyanywa mgeni kwa ndugu yake huenda yalimtangulia kwa njia yake mwenyewe. Baada ya Mtito Andei huanza Tsavo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1948, na hapo watoto hugandamana na vioo kutafuta ndovu. Ndovu hupita chini: tuta la reli limeinuliwa na kuachiwa mianya na madaraja ili wanyama wavuke. Simba waliowala wajenzi wa reli ya kwanza mwaka 1898, na ambao kila mzee wa njia hii ana hadithi yao, walikuwa kando ya mto Tsavo, na garimoshi la leo huuvuka mto huo kabla abiria hajamaliza kumsimulia jirani yake.

Limebaki swali la mtu wa Kitui, ambaye hana reli. Zamani jibu lilikuwa fupi: apande basi. Sasa barabara ya Kitui, Mutomo, Ikutha hadi Kibwezi imetiwa lami, na mtu wa Mutomo au Ikutha anaweza kushuka Kibwezi kwa matatu na kulipata garimoshi bila ya kuzunguka Machakos. Kwake yeye, nionavyo, safari hiyo ina faida. Mtu wa Kitui mjini ana hesabu nyingine: alfajiri ya kudamka, nauli ya matatu, boda boda, saa ya kungoja, na shaka ya kuchelewa. Akiwa peke yake na mzigo mwepesi, basi la moja kwa moja halijashindwa. Akiwa na watoto wadogo au mgonjwa wa mgongo, garimoshi lina nafasi ya kunyoosha miguu na choo, na hayo mawili yanalipa usumbufu wote. Wa Mwingi, ambaye njia yake ya kawaida ni Thika na Nairobi, atalifuata garimoshi Syokimau, na lipo garimoshi dogo la mjini linalounganisha stesheni ya kati ya Nairobi na ile kuu ya Syokimau.

Wako pia wasiohitaji kufika Mombasa hata kidogo. Wakamba walikwisha kuhamia nyuma ya pwani tangu karne ya 19, njaa ilipowasukuma, na hadi leo wamejaa Mariakani, Rabai na sehemu za Kwale. Aendaye kwa hao na ashuke Mariakani, asipitilize hadi Miritini na kulipa matatu ya kurudi.

Miritini, ambako ndiko mwisho wa safari ya abiria, si Mombasa mjini. Kisiwa kiko mbali kidogo, na nje ya stesheni matatu na teksi zinangoja. Mgeni aulize nauli kabla ya kuketi. Aendaye Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga, akipitia Likoni, atakutana na kivuko, ambacho kwa wengi wa Ukambani ndicho chombo cha kwanza cha bahari watakachokikanyaga maishani. Huko magari hulipa, lakini mtu aendaye kwa miguu havukishwi kwa fedha: aingie, asimame mbali na magari, ashike mkono wa mtoto wake, na yeyote atakayemdai nauli ya kuvuka asimpe kitu.