Mali Ikiuzwa Hairudishwi? Soma Risiti, Kisha Soma Sheria

Risiti nyingi za maduka ya vifaa vya umeme jijini Nairobi zina maneno haya chini kabisa: mali ikiuzwa hairudishwi. Mnunuzi huyasoma, akanyamaza, akaitupa blenda iliyoungua kabatini. Asinyamaze. Kwa anayenunua kwa matumizi yake mwenyewe, maneno hayo hayafuti haki alizopewa na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012.

Haki hizo zinaanzia kwenye masharti. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina masharti yanayoingia katika mauziano hata kama hakuna aliyeyatamka. Mojawapo ni ubora wa kuuzika: blenda mpya sharti isage. Jingine ni kufaa kwa kazi uliyoitaja, na hili wengi hulipoteza kwa kukaa kimya. Ukimwambia muuzaji, “Nataka pampu ya kupandisha maji kutoka kisimani hadi tangi la ghorofa ya tatu,” naye akakuchagulia, amejifunga. Ukijichukulia tu ile ya bei nafuu bila kusema unaipeleka wapi, sharti hilo halimbani. Kwa hiyo itaje kazi, na umwombe aiandike kwenye risiti.

Kasoro nazo si sawa. Ukiwa umeikagua bidhaa, ufa ambao ungeuona kwa macho ni vigumu kuulalamikia baadaye. Kasoro iliyojificha ndani ya mota ni mzigo wa muuzaji.

Waranti ni ahadi ya ziada, mara nyingi ya mtengenezaji. Inakaa juu ya masharti ya sheria, haiyaondoi. Duka likikuambia “peleka kwa kampuni”, kumbuka kwamba aliyepokea pesa zako ni duka, na mkataba wako ni na duka.

Sharti likivunjwa, unaweza kuikataa bidhaa na kudai pesa zako. Lakini fanya haraka. Ukikaa nayo muda mrefu bila kumjulisha muuzaji, utahesabiwa umeikubali, na kitakachobaki ni kudai fidia tu. Mwandikie ujumbe siku ileile unapoigundua kasoro, na uuhifadhi.

Akikataa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Nenda na risiti, picha za bidhaa na ule ujumbe uliomwandikia.