Mazoezi ya Uwanjani Wakati wa Maradhi: Vipi Tukusanyane Bila ya Kudhuriana?

Mwili aliopewa mwanadamu ni amana, naye ataulizwa namna alivyoutumia. Miongoni mwa haki za mwili huo ni kutembezwa na kunyooshwa viungo. Lakini uzima wa jirani nao ni amana. Shirika la Afya Ulimwenguni lilipotangaza, tarehe 11 Machi 2020, kuwa maradhi ya Korona yamekuwa janga la dunia, amana hizi mbili zilionekana kugombana. Mzee aliyefungiwa ndani alikakamaa magoti. Na kijana aliyetoka kucheza na wenzake aliweza kumrudia bibi yake na maradhi asiyoyajua. Dharura ile ilitangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023. Hata hivyo, maradhi mengine huja, na mwenye akili huezeka paa kabla ya masika.

Yafaa tuzingatie yaliyotokea mji wa Cheonan, Korea ya Kusini. Tarehe 15 Februari 2020 walikutana humo waalimu 27 wa mazoezi ya kucheza kwa muziki wa kasi, wakajizoeza kwa muda wa saa 4. Wanane kati yao wakaonekana baadaye kuwa wana maradhi. Walikuwamo waliohisi kikohozi chepesi tu, wakaendelea kusomesha kiasi cha wiki moja. Ilipofika tarehe 9 Machi walihesabiwa wagonjwa 112 walioambukizwa kwa njia ya madarasa hayo, katika nyumba 12 za mazoezi. Lakini mwalimu mmoja miongoni mwao alikuwa akifundisha pia yoga na mazoezi mengine ya taratibu, watu 7 au 8 kwa darasa, na katika hao hakuambukizwa hata mmoja.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Maradhi haya huchukuliwa na pumzi. Mwenye kuhema kwa nguvu hutoa pumzi nyingi, na chumbani pumzi hizo hulimbikizana. Uwanjani upepo huzitawanya.

Huenda msomaji akauliza: je, yoga yamfalia Muislamu? Baraza la Maulamaa la Indonesia, mwaka 2009, lilikataza yoga yenye maneno ya ibada ya dini nyingine, na likaruhusu iliyo mazoezi ya mwili matupu. Basi mtu anyooshe viungo vyake, wala asitamke la ibada isiyokuwa yake.

Mwaka huo wa 2020, watu wa Toronto, Kanada, walitengeneza vibanda 50 vya plastiki angavu, mfano wa kuba, kila mtu akafanya yoga ndani ya chake. Ni ufundi wa kupendeza, lakini una gharama. Katika bustani moja ya Brooklyn, New York, zilichorwa duara tu juu ya majani, zikaachana kiasi cha futi 6, na kila jamaa wakakaa katika duara yao. Twaona chokaa na upepo wa Mwenyezi Mungu vyatosha.

Wala jambo hili si geni kwetu. Katika tauni ya Amwas, nchi ya Sham, mwaka 18 wa Hijra (639), wanahistoria wetu wameeleza kuwa Sayyidna Amr bin Al-As (R.A.) aliwaamrisha watu watawanyike milimani, na tauni ikaondoka.

Basi mwenye kutaka kuanzisha darasa la namna hii wakati wa maradhi na ashike haya. Kwanza, achague uwanja ulio wazi, na mvua ikinyesha darasa livunjwe, wala watu wasihamishiwe ndani. Pili, wanafunzi wasizidi 8, kila mmoja akae mbali na mwenziwe kiasi cha mita 2, na alama zichorwe kabla hawajafika. Tatu, kila mtu aje na mkeka wake. Nne, mazoezi yawe ya taratibu, na mwalimu asipige kelele. Tano, wanawake wawe na saa yao na mwalimu wao, katika ua wenye sitara usio na paa. Sita, majina yaandikwe, ili mmoja akiugua wenziwe wapashwe khabari upesi.

La saba ndilo wengi hulisahau. Asiyekuja kwa sababu ya maradhi arejeshewe fedha yake yote, tena bila ya kuhojiwa. Mtu akijua kuwa ada yake itapotea, huficha kikohozi. Na mwalimu naye awe na naibu wa kushika nafasi yake, kwani mwalimu anayeishi kwa ada ya siku ndiye mwepesi zaidi kusema, "Ni mafua tu."

Hapo ndipo penye mtihani wa kweli, nasi waalimu wa kila namna twahusika. Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kumdhuru mtu, na ametufundisha kumfunga ngamia kisha ndipo tutawakali. Uwanja mpana na alama za chokaa havitafaa kitu iwapo mwenye kusimama mbele anaumwa naye ananyamaza. Yule aliyeaminiwa afya za watu na awe wa kwanza kubaki nyumbani.

Mwenyezi Mungu atupe siha, na atujaalie kuwa salama kwa wenzetu. Amin.