Kiinimacho kwa Simu na Kitambaa

Mwaka 1896, Mfaransa Georges Méliès, ambaye kabla ya kushika kamera alikuwa bingwa wa mazingaombwe mwenye ukumbi wake mwenyewe mjini Paris, alimketisha bibi mmoja kitini, akamfunika nguo gubigubi, na alipoifunua nguo ile bibi alikuwa ametoweka. Jukwaani hila hiyo ilitaka tundu la siri sakafuni; mbele ya kamera haikutaka kitu ila kusimamisha mkanda, kumwambia bibi ajiondokee zake, kisha kuendelea kupiga picha kana kwamba hapana lililotukia. Tadbiri hiyo leo imo katika uwezo wa kila mwenye simu, wala haigharimu senti. Na bado video nyingi zinazotengenezwa majumbani kwa njia hiyo humchekesha mtazamaji pale zilipokusudia kumstaajabisha.

Sababu si unyonge wa chombo. Jicho la mwanadamu, madhali limezoea tangu utotoni kuona vitu vikikaa mahali pake, hung'amua upesi mno kikisogea kisichopaswa kusogea, hata kama mwenye jicho hawezi kueleza alichokiona. Simu ikishikwa kwa mkono, na katika ule muda wa kumwondoa mtu ikaenda upande kwa upana wa ukucha, ukuta wote wa nyuma huruka. Na ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, mara mtu anapoondoka chumba kizima hung'aa au hufifia. Kwa hiyo simu na ifungwe juu ya stendi, au ibanwe baina ya matofali mawili, na kidole kikandamizwe juu ya kioo chake mpaka ikubali kufunga kipimo cha mwanga, jambo ambalo simu nyingi huliweza. Mimi mwenyewe niliwahi kumtowesha mpwa wangu uani, kazi ya alasiri nzima kwa kuwa kila mara alicheka, na nilipotazama picha usiku nikaona kuwa mtoto ametoweka vizuri, walakini kivuli cha mwembe nacho kimeruka hatua nzima. Jua halikutungoja.

Wanaotaka kumsimamisha ndugu yao juu ya mawingu ilhali yumo sebuleni hutumia kitambaa cha kijani, ambacho programu hukifuta na kuweka picha nyingine mahali pake. Rangi hiyo haikuchaguliwa kwa pambo. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, haina ukijani wa kutajika. Tena kamera hizi za kisasa huona kwa vijicho vidogo mno ambavyo, kwa kawaida, katika kila vinne viwili hupokea kijani, kimoja nyekundu na kimoja buluu, hata habari za kijani zikawa ndizo nyingi na safi kuliko nyingine. Pamba isiyong'aa ni bora kuliko satini. Ipigwe pasi, itandazwe bila kunyanzi, imulikwe kwa taa zake, na mtu asimame mbele yake kiasi cha mita mbili, la sivyo ukijani utarudi kumpaka mashavuni na mabegani. Na kama katika picha ya mawingu jua liko kushoto, taa ya mtu nayo itoke kushoto: jicho husamehe umbo, kivuli halikisamehe.

Lakini si kila hila ni lazima ihadae. Isaac Nabwana wa Wakaliga, mjini Kampala, aliyetoa filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, amejipatia sifa ulimwenguni kwa fedha kidogo. Helikopta zake za kompyuta, kwa rai yangu, hazimhadai hata mtoto, na utamu wa filamu hiyo umo katika mzaha huo. Bali vitu vinavyotendeka kweli mbele ya kamera, kama watu wanavyokimbia na kuanguka, humshtua mtazamaji.

Kwa ajili hiyo naipenda zaidi sanaa ya vitu vidogo, ambavyo navyo viko kweli mbele ya kamera. Chukua jahazi la kuchonga ambalo urefu wake ni sehemu ya 16 ya jahazi halisi, ulizamishe katika beseni pana, nalo litazama kwa haraka ya kuchekesha, kwa sababu muda wa kuanguka hupungua kwa kipeuo cha pili cha udogo wa kitu: kipeuo cha 16 ni 4, basi mwendo hauna budi kupunguzwa mara 4. Simu inayopiga picha 120 kwa sekunde, zikichezwa 30 kwa sekunde, hutimiza hesabu hiyo barabara, mradi mwanga uwe mwingi. Kamera ikae chini, usawa wa maji, kwani jahazi kubwa hutazamwa kwa kuinua macho. Kasoro ya simu hapa huwa fadhila, maana lenzi yake ndogo huonyesha vya karibu na vya mbali kwa uwazi unaokaribiana, kama mandhari kubwa ionekanavyo. Kisichokubali kudogoshwa ni matone ya maji; yakiruka, siri imefichuka, kwa hiyo chombo kizame polepole.

Programu za kuunganishia picha hizo zote zipo bila malipo, kama Blender, ambayo ndiyo iliyotengenezewa filamu ya Flow ya Latvia iliyotunukiwa Oscar mwaka 2025. Walakini usianze nayo. Anza na kiti, nguo ya kufunikia na mtu mwenye subira, ndani ya chumba chenye taa moja. Na kabla hujabonyeza kitufe, funga madirisha na uzime feni, pazia lisipepee.