Pacha Wanaozeeka Pamoja: RAID ya Programu kwenye Diski za SSD katika Linux

Mfumo wa RAID, ambao huunganisha diski kadhaa ili kompyuta izione kama diski moja, ulipewa jina lake katika makala iliyowasilishwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Diski walizozizungumzia zilikuwa za sumaku, zenye sahani zinazozunguka, na hesabu yao ya uimara ilijengwa juu ya dhana kwamba kila diski huharibika kwa wakati wake bila kufuatana na jirani yake. Dhana hiyo ndiyo inayotikisika pale diski za SSD zinapochukua nafasi ya zile za sumaku, na msimamizi wa seva asiyeitilia maanani anaweza kufuata kila hatua ya mwongozo kwa usahihi na bado akaunda mfumo wenye kinga hafifu kuliko anavyodhani.

SSD haina sahani wala kichwa cha kusomea. Data huhifadhiwa kama chaji ya umeme ndani ya seli za chipu, seli hizo hupangwa katika kurasa ambazo mara nyingi huwa na kilobaiti 4 hadi 16, na kurasa nyingi huunda kitalu kimoja. Ukurasa mtupu huweza kuandikwa peke yake, lakini ukurasa uliokwisha kuandikwa hauwezi kuandikwa upya mpaka kitalu chake kizima kifutwe, na kila ufutaji huchakaza seli kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo kidhibiti kilichomo ndani ya diski hakiandiki juu ya data ya zamani, bali hupeleka data mpya kwenye ukurasa mtupu, hukumbuka kwamba ule wa zamani haufai tena, na baadaye huhamisha kurasa zenye data hai kutoka katika kitalu ili kitalu hicho kipate kufutwa. Uhamishaji huo ni uandishi wa ziada ambao kompyuta haikuuomba, nao huongezeka kadiri nafasi tupu inavyopungua.

Katika RAID 1 kila kinachoandikwa kwenye diski moja huandikwa pia kwenye nyingine. Iwapo diski hizo mbili ni za modeli moja, zimenunuliwa siku moja na kuwashwa saa moja, basi huchakaa kama vipande viwili vya doti moja ya kanga vinavyofuliwa pamoja kila siku. Hatari haiko kwenye seli peke yake. Mnamo Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake zilikuwa na kasoro katika programu dhibiti, yaani programu inayoendesha diski yenyewe, ambayo ingezifanya zife baada ya saa 32,768 za kuwashwa, muda ulio sawa na miaka 3, siku 270 na saa 8, na data iliyomo isingeweza kurudishwa. Nambari hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, mpaka unaofahamika sana na watunzi wa programu wanaotumia vihesabio vya biti 16. Diski pacha zilizowashwa pamoja zingeufikia mpaka huo pamoja, na RAID, iwe ya kiwango chochote, isingekuwa na nakala ya kukimbilia. Watafiti wa Microsoft walikuwa wameliona tatizo la kuzeeka pamoja mapema zaidi, na mwaka 2010 walipendekeza mpango ulioitwa Diff-RAID, ambao hugawa uandishi kwa makusudi bila usawa ili diski zisichoke kwa wakati mmoja. Msimamizi wa kawaida hahitaji kwenda mbali hivyo. Inatosha achanganye diski za watengenezaji wawili, au walau za matoleo tofauti, na kusasisha programu dhibiti kabla ya kuzikabidhi data.

Katika Linux kazi ya RAID hufanywa na sehemu ya kerneli iitwayo md, ambayo huelekezwa kwa programu ya mdadm iliyoanzishwa na Neil Brown. Hakuna kadi maalumu inayohitajika, hivyo kompyuta ikifa diski huweza kuhamishiwa kwenye nyingine yenye Linux na kutambuliwa. Maandalizi huanza kwa amri ya blkdiscard, ambayo huifahamisha diski kwamba hakuna ukurasa wake wenye thamani tena. Amri hii hufuta kila kitu. Baada ya hapo hutengenezwa patisheni isiyojaza diski nzima. Asilimia 10 au zaidi ikiachwa bila kuguswa, kidhibiti hupata uwanja wa kuhamishia kurasa, na kwa seva inayoandika sana hasara hiyo ya nafasi hulipa. Kisha mkusanyiko huundwa kwa amri ya namna hii:

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sda2 /dev/sdb2

Mara tu amri hiyo inapokubaliwa, md huanza kulinganisha diski mbili kwa kunakili ya kwanza juu ya ya pili kutoka mwanzo hadi mwisho wa patisheni, ingawa hakuna faili hata moja. Kwa diski ya sumaku huo ulikuwa usumbufu wa saa kadhaa tu. Kwa SSD maana yake ni kwamba diski ya pili hudhani patisheni nzima imejaa data hai. Dawa yake ni TRIM, amri ambayo mfumo wa faili huitumia kuijulisha diski ni sehemu zipi hazitumiki. Sehemu ya md imekuwa ikiipitisha amri hiyo tangu kerneli 3.7 ya Desemba 2012, na kuendesha programu ya fstrim, inayotuma TRIM kwa mkupuo, mara moja kwa wiki ni bora kuliko kuituma kwa kila faili linalofutwa. Wapo wanaoruka ulinganishaji huo kwa chaguo la --assume-clean. Kwa RAID 1 jambo hilo halina madhara, kwa kuwa mfumo wa faili hausomi usichokiandika, ijapokuwa ukaguzi wa baadaye utaripoti tofauti zisizo na maana.

Kwa RAID 5 chaguo hilo ni hatari. Hapo usalama hutegemea pariti, yaani thamani inayokokotolewa kutokana na data ya diski zote ili iliyopotea ipate kukokotolewa upya, na pariti isiyo sahihi tangu mwanzo hubaki ikisubiri siku ya ajali. Isitoshe, badiliko dogo la data hulazimu pariti nayo iandikwe upya, na kwa sababu baadhi ya SSD hazirudishi sifuri baada ya TRIM, kerneli huizuia amri hiyo kwenye RAID 5 mpaka msimamizi athibitishe kwamba diski zake zinaaminika. Kwa diski chache, RAID 1, au RAID 10 inayounganisha jozi kadhaa za namna hiyo, ndiyo chaguo la busara.

Patisheni ya EFI ya kuwashia kompyuta huachwa nje ya RAID na kunakiliwa kwenye kila diski, na taarifa za mkusanyiko huwekwa katika faili la mdadm.conf.

Kinachobaki ni kufuatilia umri. Programu ya smartctl huonyesha ni kiasi gani cha maisha ya diski kimekwisha kutumika, na iwapo diski zote mbili zinasogea sambamba, moja hubadilishwa mapema ingali nzima. Diski mpya huongezwa kwa --add, kisha chaguo la --replace, likifuatwa na --with, huamuru data ihamishwe kutoka kwa ile ya zamani, ambayo huendelea kufanya kazi mpaka uhamishaji ukamilike. Hivyo hakuna hata saa moja ambayo data hubaki na nakala moja tu, na diski zinazobaki kazini huwa tayari zimetofautiana kwa umri.