Jinsi mhudumu wa ndege anavyoweza kuizuru dunia, na vizuizi vinavyomsubiri

VIJANA wengi wanaoomba kazi ya uhudumu wa ndege huenda kwenye mahojiano wakiwa na orodha yao kichwani: Mnara wa Eiffel, Piramidi za Misri, Taj Mahal, Maporomoko ya Victoria, na kwa wengine Makka au Jerusalem. Mshahara huwa ni jambo la pili.

Orodha za namna hii, za mahali ambapo mtu hutaka kufika kabla ya kuiaga dunia, zilivuma hasa baada ya filamu moja ya Marekani iliyotolewa mwaka wa 2007. Kwa Mkenya wa kawaida, ambaye nauli ya kwenda Ulaya na kurudi inaweza kumeza mishahara ya miezi kadhaa, kazi ya ndani ya ndege huonekana kuwa njia ya kuitimiza orodha hiyo bila ya kwanza kuwa tajiri.

Hata hivyo, mhudumu anaweza kutua London mara thelathini na asiwahi kuuona Mto Thames ila kupitia dirisha la ndege. Kufika katika nchi ni jambo moja, kuizuru ni jambo jingine, na wanaofaulu kuizuru ni wale walioelewa mapema jinsi kazi yenyewe inavyoendeshwa.

Mwanamke wa kwanza kuajiriwa katika kazi hii alikuwa Ellen Church, muuguzi Mmarekani aliyetaka kuwa rubani lakini hakupewa nafasi hiyo. Mnamo Mei 15, 1930, alihudumu katika ndege ya kampuni ya Boeing Air Transport kutoka eneo la San Francisco hadi Chicago. Safari hiyo ilichukua saa 20, na ndege ilitua mara 13 njiani. Ni vigumu kuamini kwamba alipata muda wa kutalii katika vituo hivyo.

Hadi leo, mhudumu hayumo ndani ya ndege kwa ajili ya kugawa chai. Kanuni za nchi nyingi hutaka pawe na angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na ndege kubwa haziruhusiwi kubeba abiria kabla ya kuthibitishwa kuwa watu wote wanaweza kuondolewa ndani kwa sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Anayeongoza shughuli hiyo ni mhudumu, naye hawezi kuifanya akiwa anasinzia.

Ndiyo maana saa zake za kulala hazikuachwa mikononi mwake peke yake. Nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutumika mwaka wa 2023 iliongeza mapumziko ya wahudumu kati ya zamu hadi saa 10 mfululizo, kutoka saa tisa. Humu nchini, Mamlaka ya Safari za Ndege (KCAA) ndiyo inayosimamia kanuni za muda wa kazi na wa mapumziko ya wahudumu.

Kwa hivyo mhudumu anapofika mji wa ugenini, saa za kwanza ni za usingizi, na zinazobaki ndizo za matembezi. Mara nyingi hazibaki nyingi.

Mfano mzuri ni safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, ambayo Kenya Airways iliizindua mnamo Oktoba 28, 2018. Ndege huwa angani kwa takriban saa 15. Wahudumu huondoka usiku na kufika Marekani asubuhi, ilhali miili yao inajua kwamba Nairobi tayari ni alasiri. Anayejitupa kitandani na kulala mchana kutwa huamka saa nane za usiku, mji ukiwa umelala, na kesho yake huanza safari ya kurudi akiwa hoi.

Mzoefu hulala saa chache, kisha hutoka kabla jua halijatua. Kutoka uwanja wa JFK kuna treni ya kumfikisha kituo cha Jamaica, na kutoka hapo treni za chini ya ardhi humpeleka hadi ncha ya kusini ya Manhattan. Huko atapata feri ya kwenda Staten Island, ambayo haitozi nauli yoyote. Feri hiyo huchukua kama dakika 25, na hupita mahali ambapo Sanamu ya Uhuru, iliyozinduliwa mwaka wa 1886, huonekana vizuri. Kitu kimoja kwenye orodha kimefutwa kwa gharama ya treni tu.

Si kila kituo kilicho na ukarimu huo. Aliyepangiwa Guangzhou, Uchina, asidhani kwamba ameukaribia Ukuta Mkuu. Sehemu za ukuta huo zinazotembelewa zaidi ziko karibu na Beijing, umbali wa takriban kilomita 1,900 kutoka Guangzhou, na hata treni ya kasi huchukua karibu saa nane. Vivyo hivyo, mhudumu anayelala Mumbai yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Agra iliko Taj Mahal, ambayo juu ya hayo hufungwa kila Ijumaa. Pale Mumbai anaweza kuridhika na lango la Gateway of India, lililokamilika mwaka wa 1924, au kupanda mashua ya mwendo wa kama saa moja kwenda kwenye mapango ya Elephanta. Nayo hayafunguliwi Jumatatu.

Siku za kufungwa huwanyima wahudumu mengi kuliko wanavyotarajia. Makumbusho ya Louvre mjini Paris, ambako mchoro wa Mona Lisa umehifadhiwa, hufungwa Jumanne. Huko Amsterdam, tiketi za kuingia katika nyumba alimojificha Anne Frank huuzwa kwenye intaneti pekee, kila Jumanne, kwa ziara za wiki sita baadaye. Mhudumu ambaye ratiba yake hutolewa mwezi kwa mwezi hawezi kujua atakuwa wapi wiki sita zijazo. Atanunua tiketi kwa bahati nasibu, au ataipitia nyumba hiyo kwa nje.

Ratiba hiyo ndiyo roho ya maisha ya mhudumu. Katika mashirika mengi anaweza kuomba safari anazozitaka, ingawa kuomba si kupewa. Marekani, waliodumu kazini kwa miaka mingi ndio huchagua kwanza, na mgeni hupokea makombo. Kwingineko zamu ya kutangulia kuchagua huzunguka miongoni mwa wafanyakazi. Aidha, yapo mashirika yanayowaruhusu wahudumu kubadilishana safari, na hapa ndipo urafiki unapozaa matunda: mwenye watoto hutaka ya karibu ili alale kwake, naye kapera hutaka ya mbali.

Aliyeajiriwa juzi ajiandae kwa safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ataandika Entebbe, Kisumu na Mombasa katika kumbukumbu zake mara nyingi bila hata kushuka ngazi za ndege.

Kuna jambo la viza, ambalo huwakanganya wengi. Mhudumu aliye kazini hupita uhamiaji kwa stakabadhi za kikazi, na katika nchi nyingi hatakiwi kuwa na viza ya mtalii. Ruhusa hiyo, hata hivyo, ina mipaka. Katika nchi za Ulaya zilizo kwenye mkataba wa Schengen, cheti cha mhudumu humwezesha kuingia katika manispaa ya uwanja alikotua, wala hakimpi ruhusa ya kuzunguka nchi nzima, sembuse kuvuka kwenda nchi jirani. Marekani hutoa viza maalumu kwa wafanyakazi wa ndege na meli, na anayeingia kwa viza hiyo huruhusiwa kukaa muda usiozidi siku 29.

Mhudumu huyohuyo akienda likizo, anarudi kuwa Mkenya mwenye pasipoti ya Kenya. Atapiga foleni ya ubalozi, atalipa ada, ataonyesha taarifa za benki na barua ya mwajiri kama mtu mwingine yeyote. Wapo waliowahi kushangaa kunyimwa viza ya nchi ambayo wamelala mara kumi wakiwa na sare.

Ajabu ni kwamba orodha nyingi huisahau Afrika, ilhali ndiko pasipoti ya Kenya inakofungua milango kwa urahisi. Afrika Kusini iliwaondolea Wakenya viza kwa ziara za hadi siku 90 kuanzia Januari 1, 2023, na kwa hiyo Mlima wa Meza na kisiwa cha Robben vinafikika kwa likizo fupi. Zambia na Zimbabwe, zinazogawana Maporomoko ya Victoria, haziwatozi Wakenya viza pia. Kikubwa ni kuchagua msimu: maji hufurika kati ya Februari na Mei, lakini anayekwenda Oktoba au Novemba upande wa Zambia anaweza kukuta sehemu kubwa ya ukuta wa mwamba ikiwa kavu.

Hizo ni safari za likizo, na nyenzo yake ni tiketi za wafanyakazi. Mbali na punguzo la shirika lake, mhudumu anaweza kusafiri na mashirika mengine kupitia mpango unaojulikana kama ZED, ambao hutoza nauli ndogo kulingana na umbali. Kwa anayesikia mara ya kwanza, bei hizo huonekana kama mzaha.

Bei hiyo ina sababu yake. Tiketi nyingi za aina hii ni za kusubiri nafasi. Abiria waliolipa nauli kamili huingia kwanza, kisha wafanyakazi wa shirika lenye ndege, na wa mashirika mengine hufuata. Ndege ikijaa, mhudumu hubaki uwanjani na mkoba wake, na ndege ya kesho inaweza kujaa pia. Mwezi wa Desemba na likizo za shule za Agosti ni hatari zaidi. Akichelewa kuripoti kazini kwa sababu hiyo, waajiri wengi hawamhurumii, kwa kuwa alijua masharti.

Kwa hivyo wenye busara huweka akiba ya nauli kamili ya kurudi nyumbani, na hupanga kurejea siku mbili au tatu kabla ya zamu. Bila akiba hiyo, safari ya tiketi ya bei nafuu huweza kuishia kwenye deni.

Kwa Wakenya wanaofanya kazi Dubai au Doha, likizo ina mdai mwingine. Mtu aliyewaacha wazazi Machakos au Eldoret hawezi kutumia siku zake zote huko Petra. Harusi, mazishi na karo za wadogo zake humsubiri, na marupurupu ya safari mara nyingi ndiyo huyalipa mambo hayo. Wengi hupata kwamba orodha yao husonga mbele kwa mji mmoja au miwili tu kila mwaka.

Wapo pia wanaopoteza fedha hata kabla ya kuajiriwa. Emirates, kwa mfano, hutaka mwombaji awe na umri wa angalau miaka 21, urefu wa sentimita 160, na uwezo wa kufikia sentimita 212 akisimama kwa ncha za vidole. Haitozi ada ya maombi, na vivyo hivyo Qatar Airways. Wakala anayedai pesa za kumhakikishia mtu nafasi ni wa kuepukwa, na mawakala wa ajira humu nchini wanapaswa kuwa wamesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA).

Mwili nao hudai haki yake. Mtembezi hula miguu yake, na kwa mhudumu husemwa pia kwamba hula usingizi wake. Anayependa kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa huko Watamu, Zanzibar au Bahari ya Shamu hawezi kupanda ndege mara anapotoka majini, kwa kuwa gesi iliyoyeyuka katika damu inaweza kutengeneza viputo ndege inapopaa. Mashirika hutaka siku nzima au zaidi ipite kwanza. Mapumziko ya saa 24 ugenini, basi, hayatoshi kwa mchezo huo.

Kungoja kupita kiasi nako kuna hasara. Kenya ilisitisha safari za abiria za kimataifa mnamo Machi 25, 2020, kwa sababu ya janga la Covid-19, na haikuzirejesha hadi Agosti 1. Kote duniani wahudumu walipoteza kazi, na wengi wao walikuwa wakijiambia mwaka baada ya mwaka kwamba wangekwenda mwaka ujao.

Tiketi za wafanyakazi huwafaa pia wazazi, na wahudumu wengi huona hilo kuwa faida kubwa kuliko miji yao wenyewe. Mama ambaye hakuwahi kupanda ndege anaweza kupelekwa Makka au Jerusalem, mradi viza iwepo na aelezwe mapema kwamba ataitwa wa mwisho langoni, na pengine asiitwe kabisa siku hiyo. Mashirika kadhaa huwahifadhia wastaafu wa miaka mingi sehemu ya haki hiyo. Kwa anayejiuzulu mapema, kwa kawaida hukatwa siku anaporudisha sare na kitambulisho.