Masomo ya Mtandaoni: Mlango Umefunguka, Nani Atamsindikiza Mwanafunzi?

Kwa karne nyingi, aliyetaka elimu ya juu alikifuata chuo kilipo. Leo chuo kinamfuata mwanafunzi hadi kwenye simu yake. Tutazame mabadiliko haya yanatudai nini.

Mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walifundisha kozi ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kupitia intaneti bila malipo. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata zilianzishwa Coursera na edX. Mihadhara iliyolipiwa ada kubwa ikaanza kupatikana bure, na vyuo vikalazimika kujiuliza: mwanafunzi anatulipa kwa ajili ya nini hasa?

Jibu limo katika kozi ileile. Waliomaliza hawakufika 30,000. Masomo yalikuwepo, aliyekosekana kwa wengi ni mtu wa kuwauliza, "Mbona wiki hii hatujakuona?"

Mafunzo ya misaada ya kibinadamu nayo yamebadilika. Zamani semina zilifanyika mijini, na mara nyingi aliyepelekwa ni ofisa, si mhudumu wa kijijini anayewapokea waathirika wa mafuriko kabla ya mtu mwingine yeyote. Tangu mwaka 2016, jukwaa la Kaya linatoa kozi za bure ambazo mhudumu huyo anaweza kuzisoma akiwa kazini kwake. Hiyo ni haki iliyochelewa. Hata hivyo, video inaweza kueleza namna ya kumsikiliza mama aliyefiwa. Kukaa naye kimya mkekani hujifunzwa mkekani.

Wajesuiti waliziunganisha njia zote mbili. Kuanzia mwaka 2010, wakimbizi wa Kakuma, Kenya, na Dzaleka, Malawi, walisomea diploma ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Wahadhiri walikuwa ng'ambo, lakini wanafunzi walikutana katika kituo cha masomo kambini, wakiwa na walezi wa karibu.

Somo kwetu ni hili: mtandao huleta mwalimu, lakini hauleti jirani. Parokia nyingi zina ukumbi unaokaa mtupu siku za juma. Tukiufungua jioni mbili, tukachangia bando, na mseminari aliye likizo akawaongoza vijana wanaosoma kozi moja, huenda wengi wakafika mwisho. Vinginevyo, mlango utakuwa wazi, na maskini wataishia kizingitini.